Nilipompeleka Mwanangu Loji

Mwanangu aliniletea kitambaa cheusi siku ya Ijumaa, baada ya swala, wakati wasichana wangu wa cherehani walikuwa wanakunja kazi zao. Mimi hushona na kufundisha kushona katika chumba cha mbele cha nyumba tunayopanga Mayfair, karibu sana na msikiti, hata adhana ikianza kioo cha dirisha hutetemeka. Aliweka kitambaa mezani akasema anataka joho. Liwe refu mpaka kwenye vifundo vya miguu, mikono iwe mipana, lisiwe na mfuko, lisiwe na zipu, lisiwe na kifungo cha chuma wala kulabu.

"La mahafali?" nikauliza.

"Hapana, Mama. La sherehe."

"Sherehe gani hiyo inayoogopa zipu?"

Wasichana wakacheka. Yeye hakucheka. "Nitakueleza wakiondoka," akasema.

Walipoondoka nilirudisha mlango, nikachemsha chai, naye akaanza kueleza. Mwanangu ni binti, amezaliwa hapa Johannesburg. Kiswahili anakielewa chote, hata matusi, lakini akijibu hujibu kwa Kiingereza, na Kiswahili hukitia pale anapotaka kunilainisha. Hapa nitayaandika maneno yake kwa Kiswahili ili tusisumbuane. Siku ile alitia Kiswahili kingi mno, na hapo ndipo nilipoanza kushuku.

Nami nitakueleza wewe polepole, kama ninavyomweleza msichana mpya namna ya kupitisha uzi kwenye mashine. Ukipotea, rudi nyuma kidogo. Hakuna anayekukimbiza.

Katika vitongoji vya kaskazini mwa jiji hili kuna nyumba ambamo watu kadhaa hukutana siku za Jumapili mchana. Wanajiita loji. Si loji ya wageni kulala. Ni chama cha watu wanaofuata mafundisho ya siri yaliyotoka Ulaya zamani. Wanasoma nyota, wanasoma kadi za picha, wanasoma majina ya malaika na herufi za Kiebrania, na wana madaraja, kama ngazi. Hupandi ngazi kwa mtihani wa darasani. Unapanda kwa kufanyiwa sherehe. Na ile ya kwanza, ya kuingia mlangoni, ndiyo mwanangu aliyokuwa akingojea.

Anayeingia huvaa joho jeusi, miguu mitupu. Hana kitu cha chuma mwilini, kuonyesha kwamba mali na silaha ameziacha nje. Hufungwa macho. Kamba huzungushwa kiunoni. Mtu mmoja humshika mkono, mlango hugongwa, na sauti ya ndani huuliza ni nani huyu anayekuja kutoka gizani. Akiingia hutembezwa kwenye pembe za chumba, hapa ananyunyiziwa maji, pale anafukizwa ubani. Mwishoni hupiga magoti mbele ya sanduku la pembe nne lililowekwa katikati, akaweka mkono juu yake, akaapa kwamba hatatoa nje yale ya ndani. Hapo ndipo kitambaa cha macho huondolewa, akaona taa na watu wote wamesimama na majoho yao.

"Hayo yote umeyajuaje kama ni siri?" nikamuuliza.

"Yapo kwenye simu, Mama. Kila mtu anaweza kuyasoma. Wao wenyewe wanasema siri si maneno. Siri ni kile yanachokufanya."

Nikasema aha, kwa sauti ya mtu aliyeelewa, na shaka yangu ikaongezeka.

Jambo la mwisho alilisema akiangalia ndani ya kikombe. Mama mmoja wa loji, ambaye ndiye angemwingiza, alikuwa na chumba kitupu nyuma ya nyumba yake. Baada ya sherehe mwanangu alitaka kuhamia huko.

Kwa hiyo uone nilikuwa nimekaa mbele ya nini. Mtoto wangu wa pekee angefungwa macho na watu nisiowajua, angeapa mbele yao kunificha mambo, kisha angehamia kwao.

Sikumkataza. Yeye ni mtu mzima, ana kazi yake kwenye duka la vitabu, na mtoto wa mji huu ukimkataza huondoka na begi, mlango akakuachia wewe ufunge. Nilichukua futi nikaanza kumpima mabega. Ukiwa na futi mkononi, angalau mtoto bado amesimama mbele yako.

Nina rafiki yangu, mama wa Lubumbashi, anayesuka nywele mtaa wa Berea. Jumatatu saluni yake hufungwa, basi huja kwangu kukaa chini ya dirisha na kunisimulia wateja wake. Jumatatu ile alikuta joho limetundikwa, bado halina pindo.

"Iko ya nani hii? Ya padri?"

"Ya mwanangu."

Nilimweleza yote. Alisogeza kiti chake mbali na joho, akaweka mkono kifuani.

"Weye mama, sikia mie. Bale batu minabajua. Kwetu Lubumbashi balikuwa na nyumba yabo, madirisha yote imefungwa. Mutu anaingia mule masikini, anatoka na motokari. Kisha mutoto wake anakufa."

"Mwanangu hana mtoto."

"Njo vile. Atatoa mama."

Nikamwambia kwamba mama mwenyewe ndiye anayeshona joho, basi akitolewa kafara atatolewa na mshono mzuri.

"Unacheka. Cheka tu. Mie nitakulilia ku matanga, nitaambia batu bote nilikuambiaka."

"Na motokari ikija?"

"Motokari nitapanda," akasema. "Nitalia mule ndani."

Tulicheka wote wawili, lakini alipoaga alinishika mkono akaniambia kwa sauti ya chini nishone zaburi ndani ya pindo. Sikumwambia kwamba wazo kama hilo nilikuwa nalo tangu Ijumaa. Nilikuwa nimeandika Ayatul Kursi kwenye kijikaratasi, nikakikunja kidogo kabisa, kitoshe ndani ya pindo bila kuonekana. Nikakirudisha ndani ya msahafu. Neno la Mungu haliburuzwi sakafuni, na sikujua sakafu ile ilikuwa na nini. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo yenyewe nilikuwa naishona kwa mkono wangu.

Maneno ya rafiki yangu siyadharau. Nimeyasikia kila mahali, kwa Wakongo wa Berea, kwa Watanzania wenzangu, kwa Wasomali wa mtaani kwetu. Mtu akijenga haraka husemwa ameingia chama cha siri na ametoa ndugu. Lakini shaka yangu mimi ilikuwa ya aina nyingine, na kuieleza inabidi nikurudishe Tanga kidogo.

Nilipovunja ungo niliwekwa ndani, kama wari wa wakati wangu, nikapewa somo. Kwa asiyejua, somo ni mwanamke anayemfunda msichana mambo ya utu uzima. Si mama yake, wala hawezi kuwa mama yake. Kwetu mama hamfundi mwanawe. Kuna maneno ambayo mama hayasemi, na mtoto hayasikii kwa mama, maana heshima ingevunjika pande zote mbili. Mama humkabidhi mtoto wake, kisha hukaa mbali. Ngoma ikilia yeye yuko jikoni, na hata akipita karibu na mlango huimba au hukohoa ili ajulikane hasikilizi.

Niliyoambiwa ndani siyaandiki. Lakini baadaye, nikiwa mwanamke mzima, nilikuwa upande wa pili wa pazia. Nimegonga vifuniko vya masufuria. Nimenguruma. Nimewaona wari wakilia kwa kumwogopa mnyama ambaye alikuwa shangazi wa jirani yetu, unga usoni na mkeka mgongoni. Kwa hiyo najua hofu ile hutengenezwa na mikono, na najua si mbaya. Msichana akishaogopa, kisha akaonyeshwa kwamba mnyama ni shangazi, hucheka. Akicheka huwa amefunguka. Lolote utakalomwambia saa hiyo litamkaa maisha yake yote.

Ndiyo maana sikushuku mashetani. Nilishuku watu. Mtu akifunguliwa namna ile, nani yupo pale wa kumfunga tena?

Sisi tulikuwa na jibu. Kabla ya msichana kufundwa, mama yake alimpelekea somo doti ya khanga mbele ya wanawake wawili watatu. Somo akiipokea na kujitanda, amekubali. Tangu siku hiyo msichana akiharibu, anayeulizwa kwanza ni somo. Akiumwa, anayetangulia kufika ni somo. Akiolewa yupo, akiachwa yupo. Mama yangu alipofariki, somo wangu ndiye aliyenitoa kamasi. Hakuna karatasi iliyoandikwa popote. Kuna khanga na macho ya wale wanawake.

Hapa ugenini mwanangu sikumpatia somo. Basi nilipokuwa namjaribisha joho, pini zimejaa mdomoni, nilimuuliza, "Huyo mama anayekuingiza, ndiye somo wako?"

Akafikiri. "Kama hivyo."

"Kama hivyo, au ndivyo?"

"Wao wanasema mdhamini. Ananijua, amenipendekeza kwa wenzake, na nikifungwa macho yeye ndiye atakayenishika mkono."

"Mkono atauachia lini?"

"Eish, Mama."

Sikuuliza tena. Kesho yake nilikwenda kwa mwanamke wa Tanga anayeuza vitu vya nyumbani barabara ya pili kutoka kwetu, nikachagua doti ya khanga nyekundu yenye maneno haya: Nimekupa amana, nitunzie. Niliona penye mlango, kitambaa cha macho na siri, lazima pana somo, kama penye moshi pana moto. Mwanamke yeyote wa kwetu angeona hivyo. Niliipiga pasi nikaifunga vizuri, nikaanza hata kutulia.

Rafiki yangu nilimwomba aje kuwa shahidi. Alisema hata kwa ndege haendi.

Jumapili ya sherehe nilimpeleka mwanangu mwenyewe. Nyumba ya loji ilikuwa na kila kitu ambacho nyumba za huko zinacho. Ukuta mrefu, waya wa umeme juu ya ukuta, kibao cha kampuni ya ulinzi, geti la kujifungua lenyewe baada ya kujitambulisha. Ukipita hayo yote, ukavuka bustani yenye mijakaranda, ulikuta mlango wa banda kubwa lililotengenezwa kuwa ukumbi, na mbele ya mlango huo alisimama mzee mmoja wa Kizungu mwenye joho, ndala za ngozi na upanga. Nikajiuliza huyu anamzuia nani ambaye waya wa umeme haukumzuia. Upanga niliuangalia vizuri. Ulikuwa butu.

Watu walikuwa wa kawaida, na hilo halikunituliza. Ningekuta macho mekundu ningejua la kufanya. Nilikuta mtu anamimina maziwa, mwingine analalamikia foleni ya barabarani, wengi wao Wazungu, Mhindi mmoja na vijana Waafrika wawili. Walinisalimia vizuri mno. Mmoja alinishika mikono yote miwili akaniambia nina roho ya kale. Nikamshukuru, nikaangalia kama pete yangu bado ipo.

Yule mama mdhamini alitoka ndani akiwa tayari amevaa joho lake. Nywele fupi za mvi, vidole virefu. Mwanangu alikuwa ameniambia kwamba anafundisha piano. Alimkumbatia mwanangu kwa namna ya mtu anayempenda kweli, na hilo siwezi kulikana. Nikamwomba tusimame pembeni, karibu na mlango, ili mzee wa upanga aone. Shahidi ni shahidi.

"Hii ni yako," nikamwambia, nikafungua khanga.

"Nzuri sana. Imeandikwa nini?"

Nikamtafsiria. Akajitanda nayo mabegani, juu ya joho, akaishika kifuani kwa mkono mmoja. Macho yalimlengalenga. Kwa kitambo kile nilimpenda yule mama. Nilimwona Tanga, amekaa mkekani, anapigiwa vigelegele.

Lakini mimi siwezi kumwacha mtu na jambo alilolielewa nusu. Nikamweleza.

"Kwetu anayejitanda khanga hii amempokea mtoto," nikasema. "Kuanzia leo akikosea nitakuja kwako, siyo kwake. Akiumwa utafika kabla yangu. Na akiumizwa humo ndani, nitakuuliza wewe, mbele za watu."

Tabasamu lake lilibaki mahali pake, ila yeye mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Alimtazama mzee wa upanga. Mzee alitazama ndala zake.

"Lazima nikwambie ukweli," akasema taratibu. "Sisi hatufanyi hivyo. Leo nitamshika mkono, na nitamshika vizuri. Lakini kila mtu anatembea njia yake mwenyewe. Hakuna anayejibu kwa ajili ya mwingine. Hilo ndilo fundisho letu la kwanza kabisa."

"Na kile chumba?"

"Chumba ni chumba. Yeye ni mtu mzima."

"Akiumwa humo chumbani?"

"Nitamwita daktari, bila shaka. Au nitakupigia simu wewe."

"Utanipigia mimi."

"Wewe ndiye mama yake," akasema, kama mtu anayenikumbusha jambo jema.

Aliivua khanga, akaikunja akifuata mikunjo yangu ya pasi, akanirudishia kwa mikono miwili. "Nikibaki nayo nitakuwa nimekudanganya."

Mpaka leo namheshimu kwa neno hilo. Wangapi wangeichukua wakaitandika mezani. Lakini khanga ya amana kwetu hairudishwi baada ya mtu kujitanda. Ikirudi, maana yake mtoto hana mtu. Na ilirudi mbele ya macho ya mwanangu, aliyekuwa amesimama hatua chache nyuma yangu na joho lake mkononi.

"Mama, basi," akasema kwa Kiswahili. "Unanitia aibu."

"Nimemuuliza tu."

"Umemuuliza mbele ya watu."

"Ndivyo inavyoulizwa."

Alinitazama kidogo, midomo imekaza. Kisha akaenda kubadili nguo. Aliporudi alikuwa na joho nililolishona, miguu mitupu juu ya matofali, na lilimkaa vizuri kuliko nilivyotaka. Yule mama alimfunga macho. Mwingine akamzungushia kamba kiunoni. Ningeweza kumshika mkono tukaondoka. Nilisimama nimebana khanga kwapani. Mlango ukagongwa, ukafunguliwa, ukamla.

Mzee wa upanga alibaki nje, ndiyo kazi yake. Kulikuwa na benchi chini ya dirisha la ukumbi. Mimi nilikwenda kukaa mbali, juu ya ukingo wa bomba la bustani. Baada ya muda akanifuata.

"Hutaki kusikiliza?" akauliza. "Pale kwenye benchi husikika."

"Mimi ni mama. Mama hasikilizi."

Alilipima neno lile. Nadhani lilimpendeza, maana alikaa.

"Wewe nani alikuingiza?" nikamuuliza.

"Rafiki yangu mmoja. Alinishika mkono kama hivi wanavyofanya leo."

"Yumo ndani?"

"La. Loji iligawanyika, tukagombana. Yeye alikwenda na wale wengine." Alifuta upanga kwa pindo la joho ingawa haukuwa na vumbi. "Tukikutana dukani hugeuza kigari chake, akapitia rafu nyingine."

Nilimwambia pole. Alisema ilikuwa zamani. Hakuulizwa na mtu yeyote, akaongeza mwenyewe, "Niliugua mwaka uliofuata."

"Akaja?"

Alitikisa kichwa.

Kutoka ndani zilisikika sauti za wengi zikisema pamoja, kama darasa linaloitikia. Ubani ukapenya chini ya mlango. Ulikuwa ubani kama wetu, wala sikupenda kwamba ni kama wetu. Kisha pakawa kimya. Nikajua sasa amepiga magoti. Kimya kikaendelea, kikapita urefu ambao mimi ningeupa kimya, na mimi nimewahi kupangia wari vimya vyao. Nilisoma nilichojua kusoma. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Mlango ule nisingeweza kuugonga, na si kwa sababu ya upanga. Mama haingii. Desturi niliyoileta begani ndiyo iliyonifunga miguu, na watu wale hawakuwa hata wanaijua.

Hatimaye wakacheka humo ndani, wote kwa pamoja, na mlango ukafunguliwa.

Mwanangu alitoka na alama ya kitambaa kwenye paji la uso, macho yamelowa na yanang'aa. Uso ule naujua. Ni uso wa mwari aliyekwisha kuambiwa mnyama ni nani. Amefunguka, nikajisemea, na nikatazama nani amesimama karibu naye.

Walimkumbatia mmoja baada ya mwingine, kwa furaha ya kweli. Yule mama mdhamini alimbusu mashavu yote mawili. Kisha mtu akasema maji yamechemka, wakaelekea kwenye meza ya chai, wakirudia habari za foleni na za paka wa fulani. Mdhamini akaitwa kukata keki. Mwanangu alibaki peke yake kwenye majani na joho lake jeusi, mikono haijui ikae wapi, anatabasamu kuelekea migongo ya watu. Hakuna aliyemfanyia ubaya wowote. Alisimama hivyo mpaka tabasamu likamchosha.

Nilimpelekea viatu vyake.

Tulirudi kwa gari la kuitwa kwa simu, tumekaa nyuma wote wawili. Tulipokaribia mjini alisema, akiangalia dirishani, "Usiniulize."

"Sikuulizi."

"Hata kama nataka kukuambia?"

"Hata ukitaka. Umeapa."

Robot, kama tunavyoita hapa taa za barabarani, ilikuwa nyekundu, na wauza chaja walipita katikati ya magari.

"Alikurudishia," akasema.

"Ndiyo."

"Lakini alikuwa ameshajitanda, Mama. Nilimwona."

"Alikuwa ameshajitanda."

"Nimemwambia sihamii kile chumba."

"Umemwambia lini?"

"Pale kwenye chai. Akasema sawa mpenzi, akaniuliza kama natumia sukari."

Niliikunja khanga upya mapajani. Nilihofia kwamba nikionyesha furaha ataipokonya.

"Loji nitaendelea kwenda," akasema. "Nimependa. Si kama mnavyodhani."

Nikaitikia kwa kichwa. Anakwenda mpaka leo. Alichoapa sikijui, na kila Jumapili akirudi namwangalia usoni kabla sijamuuliza kama amekula. Joho ananiletea nilifue, nami hulikagua pindo lote kwa vidole kabla ya kulitia kwenye maji. Sijapata kitu. Nitaendelea kulikagua.

Lakini siku ile ndani ya gari alikuwa na swali lingine.

"Kule Tanga," akasema, na safari hii alisema kwa Kiswahili, "wewe walikufanya nini?"

"Siwezi kukuambia."

"Uliapa?"

"Hapana. Mimi ni mama yako."

"Basi nani ataniambia?"

Nikaanza kuwapitisha kichwani wanawake wote wa pwani ninaowajua katika jiji hili. Yule ana ulimi. Yule anasema atarudi Dar es Salaam kila mwaka, na mwaka mmoja atarudi kweli. Yule ataipokea khanga kwa sababu ni khanga nzuri. Yule wa barabara ya pili, aliyeniuzia, kwa nini aliniuliza mara mbili ni ya nani? Niligundua kwamba watu wangu mwenyewe nawashuku sawasawa na wale wenye majoho.

"Nipe muda," nikamwambia. "Nitatafuta. Si kila mtu anafaa."

"Sharp," akasema, neno la vijana wa hapa la kukubali. Alilaza kichwa begani kwangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mingi. "Ila huyo mweleze yote kwanza. Kabla hajajitanda."